Kimbia-tembea, jogingi au mbio za vipindi: uchague ipi?

Anayeanza kukimbia hujipima kwa kifua. Akitweta baada ya mita mia tatu anajiona goigoi. Pumzi ikitulia wiki ya tatu, anajiona ameiva, naye huongeza mwendo na umbali kwa pamoja. Hapo ndipo miguu inapogoma. Wiki ya tano au ya sita ugoko unauma, au kisigino kinakaza kila asubuhi, na raba zinarudi uvunguni.

Sababu inajulikana. Majimaji ya damu huongezeka ndani ya wiki mbili za kwanza za mazoezi, kwa hiyo moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo na mapigo hushuka. Misuli nayo hujibu ndani ya wiki chache. Kano na mifupa hazina haraka hiyo. Mfupa ukipewa mzigo mpya huanza kwa kumomonyoa sehemu zilizochoka, kazi ya wiki kadhaa, ndipo ujaze mfupa mpya. Mzunguko mzima huchukua takriban miezi mitatu hadi minne. Katikati ya safari hiyo kuna siku ambazo sehemu inayojengwa upya ni dhaifu kuliko ilivyokuwa siku ya kwanza, huku kifua kikikuhimiza uongeze.

Ulinganisho huu basi unaangalia miguu kwanza, pumzi baadaye. Njia ni tatu. Kimbia-tembea ni kukimbia dakika chache, kutembea kidogo, kisha kukimbia tena, kwa mpango uliowekwa tangu mwanzo. Jogingi ni kukimbia taratibu kwa mwendo mmoja bila kusimama. Mbio za vipindi ni kukimbia kwa nguvu kwa muda mfupi, kupumzika, kisha kurudia.

| | Kimbia-tembea | Jogingi | Mbio za vipindi |
|---|---|---|---|
| Muda wa zoezi moja | dakika 34–36 | dakika 30–45 | dakika 25–40, pamoja na kupasha mwili |
| Siku kwa wiki | 3 | 3–4 | 1, mara chache 2 |
| Ugumu wa pumzi | unaweza kuongea | sentensi nzima bila kukatika | neno moja au mawili tu |
| Mzigo kwa mifupa na kano | mdogo | wa kati, unaojirudia | mkubwa kwa kila hatua |
| Kinachoumia zaidi | ugoko, kwa anayekimbia kasi mno | goti, ugoko, unyayo | msuli wa nyuma ya paja, kigimbi, kano ya kisigino |
| Anayefaa kuanza nayo | karibu kila mtu | aliyekwisha kufikisha dakika 20 za mfululizo | aliyekimbia miezi mitatu bila jeraha |

Kimbia-tembea

Watu huidharau njia hii kwa sababu inaonekana kama kushindwa. Ajabu ni kwamba aliyeitangaza zaidi, Jeff Galloway wa Marekani, alikimbia mita 10,000 katika Olimpiki ya Munich ya 1972, na alianza kuifundisha kwa watu wa kawaida katika miaka hiyo ya 1970. Wapo wanaomaliza marathoni nzima kwa njia hiyo hiyo.

Hesabu yake ni nyepesi. Katika kukimbia, kila mguu unapotua hupokea nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kama kilo 140 hadi 210. Katika kutembea nguvu hiyo huzidi uzito wa mwili kidogo tu. Mtu anayepiga hatua 160 kwa dakika akikimbia nusu saa mfululizo atatua mara 4,800. Akikimbia dakika nane tu ndani ya nusu saa hiyo na nyingine akatembea, hatua zenye mzigo mkubwa ni 1,280. Moyo umefanya kazi karibu muda wote, mifupa imebeba kidogo zaidi ya robo ya vishindo vizito.

Mpango unaofanya kazi kwa wengi ni huu, siku tatu kwa wiki, kila siku ya kukimbia ikifuatwa na angalau siku moja ya kupumzika:

- Wiki ya 1 na 2: kimbia dakika 1, tembea dakika 2, mara nane.
- Wiki ya 3 na 4: kimbia 2, tembea 2, mara sita.
- Wiki ya 5 na 6: kimbia 3, tembea 1, mara sita.
- Wiki ya 7 na 8: kimbia 5, tembea 1, mara nne.
- Wiki ya 9 na 10: kimbia 12, tembea 1, mara mbili.

Kila zoezi linatanguliwa na dakika tano za kutembea haraka, na linamalizwa na dakika tano za kutembea. Angalia kwamba muda wa zoezi haubadiliki sana. Kinachopanda ni dakika za kukimbia: 8, 12, 18, 20, kisha 24. Hatua yoyote ikileta maumivu ya ugoko yasiyoisha kufikia kesho yake, rudia wiki mbili zile zile. Hakuna anayedaiwa kumaliza ndani ya wiki kumi. Kwa mwenye uzito mkubwa au aliyepita miaka hamsini, wiki kumi na tano ni mwendo mzuri tu.

Makosa yake ni mawili. La kwanza, dakika ya kukimbia hugeuzwa kuwa mbio za kukimbizwa na mbwa, kwa kuwa mtu anajua mapumziko yako karibu. Basi anakuwa amefanya mbio za vipindi bila kujua, na mifupa haijawa tayari. Kimbia kwa mwendo ambao ungeweza kuuendeleza dakika tano hata kama mpango unasema moja. La pili ni kusubiri hadi uchoke ndipo utembee. Ukishachoka, magoti yanaanguka ndani, nyonga zinazama, unyayo unapiga chini kwa kishindo, na hatua hizo za mwisho ndizo zinazoharibu. Kengele ya saa ikilia, tembea, hata kama unajisikia kama simba. Na kutembea kwenyewe kuwe kwa haraka, hatua mia moja kwa dakika au zaidi. Kusimama kusoma ujumbe wa simu hakuhesabiwi.

Jogingi

Hii ndiyo nyumbani pa mkimbiaji. Faida nyingi za afya zinazotajwa kuhusu kukimbia hupatikana hapa, na anayefikisha hapa hana haja ya kwenda kokote kama lengo lake ni afya tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Arthur Lydiard wa Nyuzilandi, mwalimu wa mabingwa wa Olimpiki, aliwakimbiza taratibu watu wa makamo, wakiwamo waliokuwa wamepata maradhi ya moyo, na kutoka huko jogingi ikaenea duniani kama mazoezi ya mtu wa kawaida.

Mwendo sahihi ni wa polepole kuliko unavyodhani. Ukitaka namba, kadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo wako kwa kutoa asilimia 70 ya umri kutoka 208. Mwenye miaka 40 atapata 180. Jogingi ikae kati ya asilimia 65 na 75 ya hapo, yaani mapigo 117 hadi 135 kwa dakika. Kanuni hiyo inaweza kukosea kwa mapigo kumi juu au chini, na kwa anayetumia dawa za presha zinazopunguza mapigo haifai kabisa. Kipimo cha maongezi kinawafaa wote: sema kwa sauti sentensi ya maneno kumi na mawili. Ikikatika katikati, punguza mwendo. Ikiwa hata ukipunguza inaendelea kukatika, tembea dakika moja. Hakuna aibu hapo.

Kwa wanaoanza, mwendo huo mara nyingi huangukia dakika saba hadi tisa kwa kilomita. Tatizo linalowapata walio wengi ni kukimbia kila siku kwa mwendo wa katikati: haraka mno kwa mwili kupumzika, taratibu mno kwa mwili kupata kichocheo kipya. Mtu hutoka amechoka, anajisifu, kesho anarudia, na baada ya wiki sita saa inaonyesha mwendo ule ule huku miguu ikiwa mizito. Dalili ni rahisi kuziona. Mapigo ya moyo ya asubuhi, kabla ya kuinuka kitandani, yanapanda kwa matano au zaidi kuliko kawaida yako kwa siku kadhaa, usingizi unakatikakatika, na ngazi unazozipanda kila siku zinaonekana zimeongezeka. Dawa yake ni kupunguza mwendo, au kupumzika siku mbili tatu.

Hatua ndefu ndilo kosa la pili. Mguu ukitua mbele sana ya goti, kila hatua inakuwa breki, na goti ndilo linalolipa. Hesabu mara ambazo mguu wa kulia unatua ndani ya sekunde 30, zidisha kwa nne. Ukipata chini ya 155 hivi, fupisha hatua na uziongeze kwa asilimia tano tu, bila kuongeza mwendo. Ongezeko dogo kama hilo hupunguza mzigo unaopita kwenye goti na nyonga. Usikimbilie kufikisha 180 kwa sababu tu namba hiyo husifiwa. Watu warefu na wanaokwenda taratibu huwa chini yake bila shida yoyote.

Kuhusu kuongeza umbali, kanuni ya kuongeza si zaidi ya asilimia kumi kwa wiki imezoeleka mno, ingawa jaribio lililofanywa Uholanzi na kuchapishwa 2008 lilikuta kwamba wanaoanza walioifuata waliumia sawa na wasioifuata. Utafiti mwingine mkubwa, wa 2025, uliofuatilia zaidi ya wakimbiaji 5,000, ulielekeza kidole kwingine: hatari hupanda pale mbio moja inapozidi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ile ndefu kuliko zote ulizokimbia ndani ya siku 30 zilizopita. Kwa lugha ya barabarani, aliyezoea kilomita tano asiende nane Jumamosi kwa sababu rafiki amemkaribisha. Aende tano na nusu.

Na magoti? Hofu hii huwazuia wengi, hasa waliovuka arobaini. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2017 yalikuta ugonjwa wa kulika kwa gegedu za goti na nyonga kwa takriban watu 3.5 kati ya 100 wanaokimbia kwa afya, na kwa takriban 10 kati ya 100 wasiokimbia. Wakimbiaji wa mashindano walikuwa juu zaidi, kama 13. Tofauti hiyo isichukuliwe kama ushahidi kwamba kukimbia kunatibu magoti, kwani wenye magoti mabovu huwa wameshaacha kukimbia kabla ya kuhesabiwa. Lakini inatosha kuondoa ile imani kwamba jogingi ya kawaida husaga goti kama jiwe la kinu.

Mbio za vipindi

Hizi ndizo zenye sifa nyingi na ndizo zinazoeleweka vibaya zaidi. Emil Zátopek wa Czechoslovakia, aliyeshinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni katika Olimpiki ile ile moja ya Helsinki 1952, alijenga mazoezi yake kwa kurudia mita 400 mara nyingi. Tangu hapo ni nadra mwanariadha wa mbio ndefu kuziacha. Faida yake kubwa ni kuinua uwezo wa juu kabisa wa mwili wa kutumia oksijeni, na huinua haraka kuliko jogingi ya muda sawa.

Mpango uliojaribiwa vizuri ni ule wa Norwei wa nne kwa nne. Pasha mwili dakika 10 kwa jogingi nyepesi. Kimbia dakika 4 kwa nguvu, mapigo yakifika asilimia 90 hadi 95 ya kilele. Kwa yule wa miaka 40 ni 162 hadi 171. Kisha jogingi ya dakika 3 mapigo yakishuka hadi kama asilimia 70. Rudia hadi vipindi vya nguvu viwe vinne, malizia na dakika 5 za kupoza mwili. Jumla ni dakika 40. Usitegemee mapigo yafike huko ndani ya dakika ya kwanza. Moyo huchelewa kupanda, na anayelazimisha ufike mapema hukimbia kasi mno na kuishiwa kipindi cha pili.

Kwa anayejaribu kwa mara ya kwanza tunapendekeza kitu chepesi zaidi: kilima chenye mwinuko wa wastani, sekunde 30 kupanda kwa nguvu, kisha kushuka kwa kutembea kama sekunde 90, mara sita. Kilima kinakulazimisha kupumua sana ukiwa katika kasi ndogo, na mguu hautui kwa kishindo kama kwenye tambarare. Msuli wa nyuma ya paja, ambao hupasuka mtu anapofyatuka kwa kasi, unakuwa salama zaidi. Kinachofanya kazi ya ziada ni kigimbi na kano ya kisigino, kwa hiyo mwenye maumivu ya kisigino akae mbali na kilima hadi apone.

Kuna pia ile ya sekunde 20 kwa nguvu na 10 za kupumzika, mara nane, inayoitwa Tabata. Ilitoka Japani kwa mtafiti Izumi Tabata na wenzake, utafiti wao ukachapishwa 1996. Walioshiriki walikuwa vijana wenye mazoezi, wakiendesha baiskeli ya maabara kwa nguvu inayozidi sana kile ambacho mwili unaweza kukimudu kwa oksijeni, hata raundi ya saba au ya nane wakawa wameishiwa kabisa. Kurukaruka sebuleni dakika nne mbele ya simu ni zoezi zuri, lakini lisidai matokeo ya maabara ile. Kwenye mbio halipendezi hata kidogo: kusimama na kufyatuka tena kila baada ya sekunde kumi za kupumzika ni kuutafutia msuli mpasuko.

Utajuaje umepanga kasi vizuri? Kipindi cha mwisho kiwe na mwendo ule ule wa cha kwanza. Kikiwa cha polepole zaidi waziwazi, ulianza kwa pupa. Kutapika si alama ya ushujaa. Ni alama kwamba umekosea hesabu au ulikula karibu mno na zoezi. Acha saa mbili hadi tatu baada ya mlo mzito. Vichomi vya ubavuni navyo hupungua ukizingatia hilo, na vikikushika katikati ya mbio, punguza mwendo, pumua nje kwa nguvu, bonyeza mahali panapouma.

Wasiofaa kuziendea mbio za vipindi ni hawa: aliye chini ya miezi mitatu tangu aanze, mwenye presha isiyodhibitiwa, aliyewahi kusikia maumivu ya kifua au kuzirai akifanya kazi nzito, na yeyote mwenye ugonjwa wa moyo au kisukari ambaye daktari hajamruhusu. Baada ya kila zoezi la namna hii, zipite angalau saa 48 kabla ya lingine.

Lengo lako ni lipi?

Afya ya moyo na presha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Kwa wengi wetu jogingi huhesabiwa kuwa kali, hivyo mara tatu za nusu saa zinavuka kiwango cha chini. Katika kimbia-tembea, dakika moja ya kukimbia hulipa kama mbili za kutembea haraka. Chukua ile wiki ya tano: dakika 18 za kukimbia ni sawa na 36 za wastani, ongeza 16 za kutembea, unapata 52, mara tatu kwa wiki ni 156. Umefika bila kukimbia hata dakika nne mfululizo. Kwa lengo hili hakuna sababu ya kujitesa na vipindi.

Kupunguza uzito. Hapa matangazo hudanganya sana. Kukimbia hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, uwe unakwenda kasi au taratibu. Mtu wa kilo 70 akienda kilomita tano ametumia kama 350. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban 7,700, yaani kilomita 110 za mtu huyo. Mbio za vipindi husifiwa kwamba mwili unaendelea kuunguza mafuta saa nyingi baadaye. Ni kweli unaendelea, lakini kiasi chake ni kidogo, na zoezi lenyewe huwa na kilomita chache. Atakayefaidika zaidi ni yule anayeweza kukusanya kilomita nyingi bila kuumia, na huyo ni wa jogingi au kimbia-tembea. Sahani ndiyo inayoamua sehemu kubwa iliyobaki.

Usingizi na utulivu wa akili. Jogingi inashinda, na wakati wowote wa siku unafaa. Vipindi vikali vikiingia ndani ya saa moja kabla ya kulala, moyo na joto la mwili huchelewa kushuka, na macho yanabaki wazi.

Uhaba wa muda. Vipindi vina faida hapa, lakini usisahau dakika za kupasha mwili. Anayeruka hatua hiyo ili aokoe dakika kumi anaweza kuzilipa kwa wiki sita za kuchechemea.

Kuongeza kasi au kujiandaa kwa shindano. Changanya. Mtafiti Stephen Seiler, alipochunguza mazoezi ya wanariadha bora wa michezo ya ustahimilivu, aliona kwamba takriban mazoezi nane kati ya kumi ni mepesi. Kwa anayekimbia mara tatu kwa wiki hiyo inamaanisha jogingi mbili na zoezi moja la vipindi. Mwaka wa kwanza usivuke hapo.

Njia zote tatu zina pengo moja: hazijengi nguvu ya misuli ya kutosha. Mwongozo ule ule wa Shirika la Afya Duniani unataka mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi kwa wiki. Kwa mkimbiaji, anza na kigimbi: simama kwenye ukingo wa ngazi kwa nusu ya mbele ya nyayo, inuka kwa vidole, shuka polepole kwa sekunde tatu, mara 12 hadi 15, seti tatu. Ongeza kuchuchumaa na kuinuka, mara kumi kwa seti tatu. Dakika kumi na tano zinatosha.

Raba na mahali pa kukimbia

Haya hayabadilishi uchaguzi, kwa hiyo kwa ufupi. Raba iache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu zaidi. Ijaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo. Inayokustarehesha tangu hatua ya kwanza kwa kawaida ndiyo yako, hata kama muuzaji anasifia nyingine. Ibadilishe kati ya kilomita 500 na 800, soli ikiwa imelala upande mmoja. Lami ni sawa. Barabara ya udongo ulioshikana ni nzuri zaidi. Mchanga laini huchosha kigimbi na kano ya kisigino, usiukimbilie kwa muda mrefu ghafla. Barabara iliyoinama ukingoni hufanya mguu mmoja ufanye kazi kama mfupi, kwa hiyo ukirudi rudi kwa upande ule ule wa barabara ili mguu wa pili nao uwe chini, palipo salama. Kwenye mashine ya kukimbilia, mwinuko wa asilimia moja hufidia upepo ambao haupo, ingawa kwa mwendo wa taratibu tofauti yake ni ndogo mno.

Joto nalo lina kauli. Mwili huchukua siku 10 hadi 14 kulizoea. Katika siku hizo punguza mwendo, angalia kipimo cha maongezi, na sahau saa. Kunywa maji kwa kiu. Kujijaza maji kupita kiasi katika mbio ndefu kunaweza kushusha chumvi ya damu hadi kiwango cha hatari.

Kubaki, kupanda au kushuka

Kuhama njia kuamuliwe na maumivu. Yakiwa hafifu, si zaidi ya matatu kwenye mizani ya kumi, yakisambaa kwenye msuli na kuisha ndani ya siku moja, endelea ulipo. Yakirudi kila zoezi, shuka njia moja: wa vipindi arudi jogingi, wa jogingi arudi kimbia-tembea. Kwenye ugoko, pitisha kidole juu ya mfupa. Uchungu uliotanda kwa urefu wa kiganja kwa kawaida ni wa mzigo uliozidi, nao hutulia ukipunguza. Uchungu wa mahali pamoja panapofunikwa na ncha ya kidole, unaouma hata usiku au ukiruka kwa mguu mmoja, unaweza kuwa ufa wa mfupa. Acha kukimbia na upimwe. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au moyo unaokwenda kombo na hautulii ukisimama, ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Ukisimama kwa wiki moja, rudi ulipoachia. Wiki mbili hadi nne, anza na nusu ya muda uliokuwa ukikimbia, kwa jogingi tu. Ukivuka wiki sita, rudi kwenye dakika tatu kwa moja za kimbia-tembea na ukae hapo wiki mbili, hata kama kifua kinakwambia ungeweza kukimbia saa nzima. Homa ikiwapo, usikimbie kabisa hadi iishe na upate nguvu za kawaida za mchana.